Namna ya Kuanzisha Fani Ndogo ya Taaluma za Ulaya Chuoni Kwenu: Mwongozo Kutoka Mtwara

Kila muhula ukikaribia, napigiwa simu yenye swali lilelile. Mara ni mhadhiri kijana wa historia, mara mkuu wa idara aliyetoka kikaoni, na juzi alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anafundisha Lindi: "Mwalimu, hiyo fani ndogo ya Ulaya mliianzishaje? Hela mlitoa wapi? Walimu je?" Nimejibu kwa simu, nimejibu kwa ujumbe wa sauti, hata nikiwa nasubiri samaki pale Feri nimejibu. Sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Fani ndogo, ambayo maofisini wengi wanaiita maina, ni fungu la kozi ambalo mwanafunzi wa shahada ya kwanza analisoma kando ya fani yake kuu. Haimpi shahada nyingine. Inamwongezea mstari mmoja kwenye hati yake ya matokeo, na ikitengenezwa vizuri inamwongezea jicho la pili. Hii yetu inachota kwenye historia, uchumi, sheria, siasa na lugha, kwa hiyo haikai ndani ya idara moja. Utamu wake uko hapo, na karibu matatizo yake yote yako hapohapo.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Mitaala ya idara zote za chuo, si ya idara yako tu. Nenda ukaombe nakala. Ukitegemea kumbukumbu utaumbuka kikaoni.
- Kanuni za masomo na mitihani za chuo. Tafuta kifungu kinachohusu fani ndogo. Kama hakipo, kazi yako ya kwanza ni kukiandika, na ongeza muhula mzima kwenye mpango wako.
- Mwongozo wa viwango wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU).
- Ratiba ya vipindi ya mwaka uliopita. Utaona baadaye kwa nini.
- Walimu wanne kutoka angalau idara tatu, waliokubali kwa maandishi. Aliyekubali kwenye korido bado hajakubali.
- Intaneti ya kupakulia nyaraka, na diski ya kuzihifadhia.

Usichohitaji: jengo, gari, wala mzungu. Narudia hilo la mwisho kwa sababu nimeona vyuo viwili vikisubiri miaka "mshirika kutoka Ulaya" aje awaandikie mtaala. Mtaala andika mwenyewe. Mshirika akija, aukute mezani.

Hatua kwa hatua

1. Andika sentensi moja ya kusudi.
Nani ataisoma, na itamsaidia kufanya nini ambacho sasa hivi hawezi? Yetu ilisema hivi: mhitimu aweze kuelewa na kueleza jinsi maamuzi yanayofanyika Ulaya yanavyofika kusini mwa Tanzania, na jinsi kusini inavyoweza kuyajibu. Tuliibishania siku mbili, lakini mjumbe wa seneti alipouliza "ya nini hii?" kila mmoja wetu alitoa jibu lile lile.

Kisha toka nje ya geti. Zungumza na vyama vikuu vya ushirika wa korosho kama MAMCU na TANECU, watu wa forodha bandarini, waongoza wageni wa Mikindani na Kilwa, na mashirika yanayoandika maombi ya fedha kwa wafadhili wa Ulaya. Waulize wanakwama wapi, uandike majibu yao na tarehe. Ukishafika kwenye vikao utaulizwa ushahidi wa mahitaji, na "vijana wanaipenda" haihesabiki kuwa ushahidi.

2. Amua "Ulaya" ina maana gani.
Mtaani kwetu Ulaya ni kokote ng'ambo. Anayeishi Canada naye "yuko Ulaya". Mwanafunzi anaingia darasani na Ulaya hiyo. Kosa la pili, ambalo wahadhiri tunalifanya zaidi, ni kudhani Ulaya na Umoja wa Ulaya ni kitu kimoja. Umoja una nchi 27. Uingereza ilijitoa tarehe 31 Januari 2020. Norwei na Uswisi hazijawahi kuwamo, ingawa Norwei inafuata kanuni nyingi za soko la Umoja kupitia mkataba wa eneo la uchumi la Ulaya.

Hili lina uzito mkubwa huku kwetu. Kampuni zilizokuwa mbele kwenye mazungumzo ya mradi wa gesi asilia iliyosindikwa wa Lindi ni Equinor ya Norwei na Shell ya Uingereza: zote za Ulaya, na hakuna hata moja yenye makao ndani ya Umoja. Gesi ya Mnazi Bay inaendeshwa na Maurel & Prom ya Ufaransa, lakini mwenye hisa nyingi humo ni Pertamina ya Indonesia. Kinyago cha Kimakonde kilichoibwa kwenye Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1984 kilikutwa Geneva, nchini Uswisi, kikarudishwa mwaka 2010. Fani yako ikiishia Brussels, kwenye makao ya Umoja, haya yote yanakuponyoka.

*Angalia:* tengeneza faharasa ya Kiswahili mapema, hata kama mnafundisha kwa Kiingereza, maana semina zinachanganya. Kuna "baraza" tatu zitakazowatesa wanafunzi. Moja ni Baraza la Ulaya la Strasbourg, lililoanzishwa mwaka 1949, lenye nchi 46. Halimo kabisa ndani ya Umoja. Nyingine ni baraza la marais na mawaziri wakuu wa nchi za Umoja. Ya tatu ni baraza la mawaziri wa Umoja, wanaopitisha sheria pamoja na Bunge la Ulaya. Sisi tuliziita Baraza la Strasbourg, Baraza la Wakuu na Baraza la Mawaziri, ugomvi ukaisha. Mahakama nazo ni mbili: ya haki za binadamu iko Strasbourg, ya Umoja iko Luxembourg.

3. Hesabu ulichonacho tayari.
Tandaza ile mitaala mezani na kalamu tatu. Kijani: kozi inayofaa kama ilivyo. Njano: inafaa ikibadilishwa wiki tatu au nne za maudhui. Nyekundu: haipo, lazima iandikwe. Sisi tulidhani tungekuwa na nyekundu tupu. Tulikuta kijani moja, njano tatu na nyekundu mbili tu. Kozi ya uchumi wa kimataifa ilikuwepo. Ya historia ya ukoloni ilikuwepo. Ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwepo, na ukiifundisha sambamba na Umoja wa Ulaya unapata kozi nzuri kuliko zote mbili: Mkataba wa Roma wa 1957 ulioanzisha jumuiya ya uchumi ya kwao na Mkataba wa Arusha wa 1999 ulioanzisha jumuiya yetu ya sasa, soko la pamoja la huku na la kule, na swali la kwa nini jumuiya yetu ya kwanza ilivunjika mwaka 1977 wakati ya kwao ilikuwa inaongeza wanachama.

4. Panga krediti.
Kwa mfumo wetu krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja ni krediti 120. Shahada ya miaka mitatu ni 360. Tulitenga krediti 60 kwa fani ndogo: kozi sita za krediti 10, yaani saa 100 kila kozi. Mgawanyo wetu wa saa hizo ni mihadhara 30, semina 15, kusoma binafsi 40, kazi za kuandika 15.

Kozi zenyewe: Utangulizi wa Taaluma za Ulaya, Ulaya na Pwani ya Kusini tangu 1500, Taasisi za Umoja wa Ulaya na za Afrika Mashariki, Biashara na Viwango vya Soko la Ulaya, Lugha, na Mradi wa Uwandani. Zinaanza mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza mwache mwanafunzi atulie, ajue hata maktaba iko wapi.

*Angalia:* zisiwe krediti za juu ya 360. Zichukue nafasi ya kozi za hiari. Ukizirundika juu, mwanafunzi atakuja kwa hamu Oktoba, na Februari atakuwa na sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia.

5. Funga kozi hizo kwa kamba moja.
Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanachukua kozi ya historia, ya uchumi na ya sheria, wanaziweka kwenye ukurasa mmoja, wanasema ni taaluma mtambuka. Hiyo ni kachumbari: nyanya bado nyanya, kitunguu bado kitunguu.

Kamba yetu ni kisa kimoja kinachorudiwa kwenye kozi zote, na kwetu ni mradi wa karanga. Vita Kuu ya Pili iliwaacha Waingereza na upungufu wa mafuta ya kula. Chakula kwao kilikuwa bado cha mgao. Mwaka 1947 serikali ya waziri mkuu wao, Attlee, ikaanza kufyeka mapori ya Tanganyika kulima karanga: Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Mpango ulizungumzia zaidi ya ekari milioni 3. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na reli ikatandikwa kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, hasara ikiwa karibu pauni milioni 36. Reli iling'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru. Bandari ikabaki, na leo inapakia korosho.

Mpe mwanafunzi kisa hicho kwenye kozi ya kwanza, aangalie nini kinatokea. Mwalimu wa historia anauliza uhaba wa mafuta jikoni London ulifikaje Nachingwea. Wa uchumi anauliza nani alipiga hesabu zile na aliacha nini nje. Wa kilimo, tulimwazima tu kwa wiki mbili, anauliza kuhusu mvua na udongo. Wa siasa anauliza waziri alijibuje bungeni. Mwanafunzi akileta insha iliyoandikwa kwa jicho moja tu, anarudishiwa. Kanuni yetu iko kwa maandishi: kazi ya mwisho lazima itumie mbinu za taaluma mbili na isimamiwe na walimu wawili wa idara tofauti.

Ukiwa Lindi, chagua Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi, ikapelekwa Berlin. Mmoja amesimamishwa kwenye makumbusho ya huko, kimo chake zaidi ya mita 13. Sayansi, sheria ya umiliki, kazi ya wapagazi, siasa za kurudisha vitu: kozi nne ndani ya mfupa mmoja. Aliye Kilwa ana kisa kikongwe zaidi. Wareno waliuteka mji wa Kilwa Kisiwani mwaka 1505 na wakaondoka 1512, na juu ya Milima ya Matumbi, Nandete, ndipo Maji Maji ilipoanzia Julai 1905 kwa kung'oa pamba ya kulazimishwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea kwa mauaji ya Maji Maji. Mwanafunzi wa siasa aanzie hapo arudi nyuma.

6. Lugha: msichague kwa mazoea.
Kila mtu atasema Kifaransa, na wachache watasema Kijerumani. Sisi tulichagua Kireno. Ng'ambo ya Ruvuma wanakisema, Daraja la Umoja pale Mtambaswala liko wazi tangu 2010, na mhitimu wetu ana uwezekano mkubwa wa kufanya kazi na Msumbiji kuliko na Paris. Ndiyo, ni lugha ya Ulaya tunayoipata kwa jirani Mwafrika, na jambo hilo peke yake linatosha mjadala wa semina mbili. Wakati wa semina hizo usisahau pembetatu ya Kionga, kipande cha mdomo wa Ruvuma ambacho Wareno walipewa baada ya Vita ya Kwanza.

*Angalia:* kuongea lugha si sifa ya kuifundisha chuoni. Tulimpenda sana mfanyabiashara mmoja aliyekulia Mocímboa da Praia, Msumbiji, lakini masharti ya ajira hayakumruhusu kutunga mtihani. Akawa msaidizi wa mazungumzo, na mhadhiri wa muda akachukua kozi.

7. Tafuta mwenye mali.
Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Fani inayomilikiwa na idara tano haina mwenyewe. Chagua mratibu mmoja mwenye barua ya uteuzi, na punguzo la mzigo wa kufundisha liandikwe humo ndani. Kisha malizeni swali ambalo hakuna anayependa kuliuliza kwa sauti: wanafunzi hawa wanahesabiwa idara gani, na saa za mwalimu anayefundisha nje ya idara yake zinalipwa na nani? Andikeni makubaliano, wakuu wa idara wasaini. Mali bila daftari huisha bila habari.

8. Ratiba.
Chukua ile ya mwaka uliopita. Weka alama vipindi vyote vya lazima vya mwaka wa pili na wa tatu kwa kila shahada unayotaka kuchukua wanafunzi wake. Penye weupe kwa wote ndipo kozi zako zitakapokaa. Sisi tulibakiwa na Jumatano mchana na Ijumaa asubuhi, basi. Fanya hivi kabla ya kuandika mtaala, si baada.

9. Vikao.
Idara, kitivo, kamati ya mitaala, seneti. Ofisi ya udhibiti ubora ikuambie mapema, kwa maandishi, kama mabadiliko yako yanatakiwa kwenda TCU na kwa fomu ipi. Kila kikao peleka kurasa mbili za muhtasari mbele ya kitabu chako kinene. Wajumbe watazisoma hizo.

Na usiishie kwenye seneti. Chuo nilichokuwepo zamani kilipitisha fani, watu wakapongezana, halafu hakuna aliyemwambia msajili afungue namba za kozi kwenye mfumo. Mwisho wa muhula alama za vijana 19 zilikuwa zinaning'inia hewani, na mratibu anatafutwa hadi nyumbani. Mratibu alikuwa mimi.

10. Vitabu na fedha.
Anza na vya bure. Tovuti ya EUR-Lex ina sheria na mikataba yote ya Umoja, na ya Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja, ina takwimu za biashara. Pakua wakati mtandao una nguvu, weka kwenye diski maktabani. Kazi ya kwanza ya kozi ya biashara ni hii: tafuta korosho kwenye takwimu za Eurostat, uone zinatoka nchi gani. Tanzania inaruhusiwa kuingiza bidhaa Ulaya bila ushuru tangu 2001 kupitia mpango wa nchi maskini zaidi wa "kila kitu isipokuwa silaha", lakini sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, inabanguliwa huko, ndipo inafika meza ya Mjerumani. Kwa nini? Ushuru umetolewa nje ya jibu. Sasa waongee mashine, mikopo, viwango vya sumukuvu, bei ya umeme.

Fedha zikihitajika, kuna ruzuku za Jean Monnet ndani ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili elimu, zilizo wazi kwa vyuo vya dunia nzima. Kozi inayoombewa lazima ifundishwe angalau saa 40 kwa mwaka kwa miaka mitatu, na kiini chake kiwe Umoja wa Ulaya. Omba ukishafundisha mara moja. Anayeombea kitu anachokifanya tayari anaandika vizuri zaidi.

11. Anza na kundi dogo.
Wanafunzi 15 hadi 20. Ziara moja ya siku moja: Mikindani, kwenye boma la Wajerumani la mwaka 1895, halafu mnarudi bandarini. Ndanda kwa Wabenediktini iache mwaka unaofuata. Tendaguru usiende masika. Gari litakwama, na utakaporudi kuomba gari jingine afisa usafirishaji atakukumbuka.

Mambo yakienda kombo

*Wanafunzi hawajiandikishi.* Mara nyingi hawajui. Ingia darasa la mwaka wa kwanza mwezi Mei, dakika kumi, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aongee kuliko wewe.

*Wanaokuja wanadhani ni njia ya kwenda majuu.* Waambie siku ya kwanza kwamba hakuna viza humu. Watano wataondoka, na waliobaki ndio wako.

*Mwalimu amehama au amekwenda masomoni.* Kila kozi iwe na walimu wawili wanaoijua tangu mwanzo, na madesa yake yakae ofisini badala ya kwenye kompyuta ya mtu.

*Mwanafunzi amepata nafasi ya muhula mmoja Ulaya, krediti hazilingani.* Kwao mwaka ni krediti 60, kwetu 120, na krediti yao moja ni saa 25 hadi 30. Tumia mbili za kwetu kwa moja ya kwao, mratibu na msajili wasaini jedwali kabla mwanafunzi hajapanda ndege.

*Mzazi anauliza atapata kazi gani.* Mjibu kwa fani kuu: mwanao ni mhasibu, au mwalimu, au mwanasheria, anayesoma masharti ya mnunuzi wa nje bila kutafsiriwa. Usiahidi zaidi ya hapo.

*Mwanafunzi anataka kuacha katikati.* Aruhusiwe, na kozi alizofaulu zibaki kama kozi za hiari. Ila ajaze fomu kabla wiki ya pili ya muhula haijaisha. Baada ya hapo msajili anafunga mfumo, na hata mimi siwezi kukusaidia.